Inspekteri Hakuwa na Dada

Kama ulikuwa na watu unaowafanyisha kazi bila kuwaandikisha hapa Kamina, ulimsikia Inspekteri kabla hujamwona. Baiskeli yake ililia. Mnyororo ulikuwa umekauka hata sauti yake ikafika kwenye depo za mahindi wakati mwenyewe bado anapambana na mchanga wa barabara ya stesheni. Vijana waliweka magunia chini, wakajipangusa unga usoni, wakatoka kwa mlango wa nyuma polepole kabisa, maana muda walikuwa nao. Akifika anamkuta mwenye depo peke yake, amekaa juu ya gunia, anamkaribisha kwa furaha.

Mara ngapi nilimwambia: Papa, kwangu mafuta hayakosekani, lete hiyo baiskeli nikupakie. Akakataa. Alisema mtu wa Leta, yaani wa serikali, haingii kwa watu kama mwizi wa kuku. Lazima wasikie anakuja, wavae mashati, wakae vizuri. "Minyi siko polisi, mama." Sasa wewe niambie: kazi yake ni kuwatafuta watu wanaofichwa, na yeye anawapa nafasi ya kufichwa vizuri! Nilimkasirikia kwa jambo hilo miaka yote niliyomjua, na hasira hiyo bado ninayo.

Mimi nina malewa, nyumba ndogo ya kula nyuma ya mabiro ya provensi, zile ofisi za serikali. Napika bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki ya Kinkondja, na nyama siku ikiwa nzuri. Inspekteri wa kazi alikula kwangu karibu kila siku, na ndivyo nilivyomjua. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mke wake, alipokuwa hai, alikuwa akituma mtu kuniuliza kama Inspekteri amekwisha kula.

Alivaa tai hata siku ya Jumamosi. Koti lilikuwa moja, la kahawia, na viwiko vyake vilikuwa vimeshonwa kwa kitambaa cha rangi nyingine, lakini lilipigwa pasi. Alikuwa Mmethodisti wa kweli, yaani sala yake juu ya sahani ilikuwa ndefu hata samaki ikapoa. Mimi Mkatoliki, napiga ishara ya msalaba na mkono tayari uko kwenye bukari. Aliniambia Mungu wangu ana haraka. Nilimjibu Mungu wake hajawahi kula samaki ya moto.

Na sala siyo yote. Ikitokea mzee yeyote anaingia, hata yule muuza mifagio ambaye haji kula bali kupumzika kivuli, Inspekteri anainuka, anatoa kiti chake, anapiga makofi kidogo ya heshima jinsi Waluba tunavyofanya, anasimama na sahani mkononi. Nilikuwa na viti vingine! Vilikuwa pale pale, vitupu. Lakini yeye hakuweza kukaa mzee akiwa amesimama, hakuweza kusema mzee akiwa bado hajasema, hakuweza kumkatiza mzee hata kama mzee anasema uongo mtupu. Alilelewa hivyo, akazeeka hivyo. Watu walimsifu sana kwa adabu yake. Mimi pia nilimsifu, mpaka siku ile nitakayoeleza.

Wale waliokimbia kwa mlango wa nyuma hawakumchosha. Waliomchosha ni wale waliobaki. Anaingia kwenye depo, anamkuta kijana anabeba magunia, jasho linamtiririka mpaka kwenye kiuno, anamuuliza mwenye depo: huyu ni mfanyakazi wako, umemwandikisha? Na mwenye depo anashangaa kama mtu aliyetukanwa. Mfanyakazi? Uyu njo mwipwa yangu, anakuya kunisaidia tu. Anamwangalia kijana, na kijana anaangalia chini.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kucheka, lakini jambo hili si la kuchekesha. Kwa Waluba mjomba ni mtu mkubwa. Mpwa akienda kwake anakula, analala, anashika jembe au gunia, wala hakuna atakayetaja mshahara. Kuutaja ni kumvua mjomba nguo mbele za watu. Basi wenye depo wa Kamina, na wenye mulini za kusaga unga, na wenye maduka, wakaona mahali pazuri pa kuificha kazi. Inspekteri alikuwa na karatasi za Leta, muhuri wa Leta, sheria yote ya kazi kichwani, lakini alipoambiwa "mwipwa" alikuwa mgeni katika mambo ya familia ya watu.

Alikuwa na jibu lake, tulilijua wote kwa moyo. "Minyi mama yangu alizala banaume tupu. Siko na dada, siko na mwipwa hata mumoja. Weye Mungu alikupenda. Uko na bipwa bengi, na bote biko na nguvu ya kubeba gunia. Mutoto mudogo hamuna, muzee hamuna." Mwenye depo anacheka, kijana anacheka, Inspekteri analetewa Fanta. Fanta haigusi. Anapanda baiskeli yake, anaondoka akipiga kelele barabara nzima, na nyuma yake magunia yanaanza kupanda tena.

Aliwapenda wale vijana, hilo siwezi kumnyima. Aliwaeleza bila kuchoka kwamba sheria haina ugomvi na wajomba. Mpwa pia anaweza kuandikishwa. Ukiandikishwa, mkanda wa mashine ukikukata mkono, unatibiwa kwa sababu ni haki yako. Ukizeeka, kuna kitu kidogo kinakuja. Usipoandikishwa, unategemea siku ambayo moyo wa mjomba umeamka vizuri. Walimsikiliza, wakamwitikia, wakarudi kazini.

Mmoja wao alikuwa mdogo wangu. Mama yetu aliniachia yeye akiwa bado anatambaa. Alimzika baba kule Luena, naye akafuata, na mimi nikamleta mtoto Kamina kwa treni nikiwa msichana. Alipokua aliingia kwenye mulini wa mzee mmoja ambaye hapa nitamwita Patron kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kumwaga mahindi juu na kupokea unga chini, asubuhi mpaka magaribi, ndani ya lile vumbi jeupe. Ilipita miaka. Akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni mafua ya kiangazi, halafu kiangazi kikaisha na mvua ikaja na kikohozi kikabaki. Kwenye hospitali walituambia anahitaji kupimwa vizuri na kutolewa kwenye vumbi. Mtu aliyeandikishwa, yule aliyemwajiri ndiye anayebeba matibabu. Mdogo wangu hakuwa ameandikishwa popote.

Nilikwenda kwa Patron mwenyewe. Alinipokea vizuri, alinipa kiti, akaniuliza habari za malewa. Huyu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Parokiani anakaa mbele, ukifiwa anakupa kamyo yake kubeba jeneza na mafuta anaweka yeye. Nilipotaja kuandikishwa akaweka mkono kifuani. "Mama, ule ni mutoto yangu. Nitamwacha namna gani?" Nikatoka pale nimeshiba maneno, na mdogo wangu usiku ule akakohoa mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nitasema jambo ambalo mgeni huwa haliamini. Inspekteri, yule aliyezunguka mji mzima kuwauliza watu kama wameandikishwa, mwenyewe Leta haikumwandikisha. Kwetu tunawaita nouvelles unités, watu wapya. Unapewa biro, unapewa muhuri, unaanza kazi ukingoja matrikili yako, namba ya mtumishi wa Leta, itoke Kinshasa, na mpaka itoke huna mshahara, una zawadi kidogo tu ambayo mkubwa wa biro anagawa akitaka. Yeye alikuwa mpya alipokuwa na nywele nyeusi, na alikuwa bado mpya nywele zilipokwisha kuwa nyeupe. Watu walijua. Kwenye depo moja walimuuliza usoni: na weye, Papa, bamekuandika? Akajibu kwa utulivu wake kwamba ndiyo sababu anajua ubaya wake. Mimi ningeacha kazi siku hiyo hiyo. Yeye kesho yake alipiga pasi koti lake akatoka.

Kitu kimoja tu alikitaka, na alikitaka kwa ukaidi ambao hukuutegemea kwa mtu mpole. Mara kwa mara Leta ilikuwa inafanya kampeni juu ya kazi hizi za kificho. Mabango, redio, magari yenye vipaza sauti, wenye kazi wanapewa muda waandikishe watu wao. Kampeni ikiisha, wageni wanatoka Kinshasa kuja kupima kama imefaa. Wanawaita watu wa kila upande, parties prenantes wanasema, yaani kila mtu jambo linamgusa. Nao hao wa kila upande walikuwa nani? Wakubwa wa mabiro. Wenye depo. Sendika moja, chama cha wafanyakazi, ambayo watu wake wote wameandikishwa tangu zamani. Wanakaa, wanakula chakula changu, wanasema kampeni ilikwenda vizuri, wanarudi.

Hilo lilimtoa Inspekteri katika upole wake. "Umempa mutu dawa ya tumbo," alisema, "halafu unaenda kuuliza jirani kama tumbo iliacha kuuma." Aliwaandikia wakubwa, alikwenda biro mpaka biro, alingoja kwenye mabenchi ya watu wadogo kuliko yeye. Alitaka wale vijana wenyewe waitwe, wakae kwenye viti kama wengine, waulizwe. Walimwambia vijana hao hawana shirika, hawana mwakilishi, hawajulikani ni akina nani. Akawajibu kwamba hawajulikani kwa sababu hawakuandikishwa, na mkutano ni wa hilo.

Bon, siku moja wakakubali. Alikuja kwangu kabla ya saa ya kula, tai imepinda, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akaniambia vijana wachache wa mulini wataitwa, na mdogo wangu yumo. Alikuwa ameomba wasikilizwe peke yao asubuhi, bila wenye kazi kuwepo. Hilo lilishindikana, sala ya mkutano, yaani ukumbi, ni moja na siku ni moja. Lakini walimwahidi kwamba vijana ndio wataanza kusema. Alikula sahani mbili. Sala yake siku hiyo ilikuwa fupi, nikamwambia karibu kwa Wakatoliki.

Jioni alikuja kuwafundisha nyuma ya jiko langu. Hakutaka hotuba. Sema jina lako, sema kazi unayofanya, sema toka lini, kaa chini. Mdogo wangu alirudia mpaka akaweza kuyasema yote bila kukohoa katikati. Alifurahi kama mtu anayejifunza wimbo, nami nikasimama mlangoni na kijiko mkononi, nikafikiri pengine sasa mambo yatatengenea, pengine atatoka kwenye lile vumbi akiwa bado na kifua.

Mkutano ulifanyika kwenye sala ya parokia. Chakula kilikuwa changu, kwa hiyo niliona yote kuanzia mwanzo. Wageni wawili wa Kinshasa walikuwa meza ya mbele, mwanamke mmoja na bwana mwenye miwani aliyeongoza. Upande huu wenye depo na wenye mulini, Patron katikati yao na nywele zake nyeupe. Upande ule vijana, mashati yamefuliwa, wamekaa kwenye ncha za viti. Inspekteri alisimama karibu na meza kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Bwana wa miwani akasema karibuni wote, kabla ya kuanza tujulishane, nani atatangulia? Hapa kwetu ukiuliza hivyo, macho yote yanakwenda kwa mkubwa kwa umri, na mkubwa pale alikuwa Patron. Nilimwona Inspekteri anaangalia vijana. Nilimwona anamwangalia mzee. Neno moja tu lilihitajika, aseme "vijana", aliahidiwa, ilikuwa haki yake! Nilikuwa na sinia la mikate, nikasimama. Naye akainama kidogo, akapiga makofi yake mawili ya heshima, akasema: "Mukubwa atangulie. Atujulishe bantu yake."

Patron akainuka taratibu. Akasalimu kwa Kiluba, akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni kwa safari. Halafu akanyoosha mkono upande wa vijana. "Na aba bote," akasema, "njo bipwa bangu. Niko nabalea kwa mukono yangu."

Lazima uelewe kilichofuata. Mzee akikusalimu, akikutaja mbele za watu, wewe mdogo unasogea mbele kwenye kiti, unapiga makofi polepole, unaitika. Hakuna anayefikiri. Tunafundishwa kabla ya kujua kusema. Vijana wote wakasogea, wakapiga makofi pamoja, wakaitika, "Eyo, vidye," yaani ndiyo, mkubwa. Mdogo wangu pia. Niliyemfundisha makofi hayo ni mimi mwenyewe, akiwa mtoto wa kubebwa.

Wageni wakapendezwa sana. Yule mwanamke wa Kinshasa akapiga picha. Bwana wa miwani akaandika. Alipokwisha kuandika akawageukia vijana kwa wema kabisa akawauliza: nanyi mna la kuongeza? Waongeze nini? Umekwisha kumwitikia mtu kama mjomba wako mbele ya sala nzima, sasa usimame useme si mjomba wako? Hata mlevi hafanyi hivyo. Mdogo wangu alifungua mdomo, akakohoa, akaufunga.

Mimi nikaweka sinia chini. Nilisema kwa sauti kwamba huyu kijana mimi ndiye dada yake, mama yetu amelala Luena, naye hakuwa na kaka hapa Kamina wala mahali pengine, na huyu mzee ni mwenye mulini ambapo mdogo wangu anatumika na kuugua. Niliyasema yote hayo mara moja, sikupumua. Bwana wa miwani akanitazama kwa upole. Akasema asante sana mama, lakini leo neno ni la washiriki. Halafu akaniomba niongeze maji upande wa kulia.

Nikaongeza maji. Ningefanya nini?

Jioni walisoma walichokipata. Kwamba kwenye mulini za Kamina watu wanasaidiana ndani ya familia. Kwamba kazi ya kificho imepungua sana. Kwamba kwa mara ya kwanza wahusika wenyewe walikuwepo na walikubaliana na wenye kazi. Wakamwita Inspekteri mbele, wakampigia makofi kwa juhudi zake za kuwaleta vijana. Alisimama pale katika koti lake la kahawia na mikono imening'inia.

Watu walipoondoka alibaki kunisaidia kukunja vitambaa vya meza. Vilipokwisha akasema, "Mama, muzee alikuwa pale. Ningemunyima neno namna gani?"

Nikamwambia angemnyima kwa mdomo. Nikamwambia heshima yake imemuuza mdogo wangu. Nilisema hivyo hivyo, na sikuomba msamaha, wala leo siombi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa sababu hakuwa na desturi ya kumkatiza mtu. Alijibu tu kwamba tangu utoto hajawahi kusema mbele ya mzee, na kwamba usiku uliopita alijiambia kesho atasema, na asubuhi pia alijiambia. Akachukua baiskeli yake. Niliisikia mpaka reli.

Patron hakumfukuza mdogo wangu, usidhani. Mvua zilipokwisha na kijana akawa hawezi tena kupanda ngazi ya mulini, alikuja mwenyewe nyumbani kwangu. Alileta gunia la unga, kuku, na nauli ya treni mpaka Luena, akavitoa mbele ya majirani. Majirani wakapiga vigelegele. Mjomba wa namna hii, walisema, utampata wapi siku hizi? Ningedai nini? Mfanyakazi anadai matibabu, anadai miaka yake. Mpwa anashukuru. Mdogo wangu akapiga makofi, akashukuru, akapanda treni. Yuko Luena mpaka leo, analima muhogo kidogo. Akimaliza mstari mmoja anakaa chini kabla ya kuanza mwingine, na watoto wa shangazi zetu wanampita.

Inspekteri aliendelea kula kwangu, naye akaendelea na maneno yake ya dada na mpwa kwenye depo, ila watu hawakucheka sana tena. Halafu akaja mkubwa mpya wa biro, na vijana wapya wenye pikipiki, Inspekteri akaambiwa Papa pumzika sasa. Hakukuwa na sherehe wala barua. Utamstaafisha namna gani mtu ambaye hukumwandika? Watoto wake walikuwa wameshakwenda Kolwezi kwenye machimbo na habari zao zilikuwa haba. Nyumba aliyokuwa anapanga akaiacha. Aliacha kuja kula, nami nikasikia mara yuko kwa mchungaji, mara amekwenda kijijini.

Nilimwona mwaka huu. Kufuli la malewa liliharibika, nikaingia kwenye duka moja la misumari na mabati njia ya kwenda Base, kambi ya jeshi. Nyuma ya kaunta, kwenye kiti kidogo, amekaa yeye. Tai ilikuwepo. Alikuwa anamhesabia mteja misumari, anaifunga kwenye gazeti, anaifunga vizuri na kukunja ncha. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa kwenye mabati, kwenye kikapu cha nyuma kuna mzigo wa kupeleka kwa mtu. Mnyororo ulikuwa unang'aa mafuta.

Tulisalimiana muda mrefu. Aliuliza habari za mdogo wangu kabla ya kuuliza zangu. Nilikuwa bado nachagua kufuli walipoingia vijana wawili wa inspeksheni, msichana na mvulana, fulana mpya za kampeni. Sikusikia pikipiki yao ikifika. Mwenye duka, mtu wa miaka pengine thelathini, alitoka nyuma haraka akiwa anatabasamu. Msichana akamuuliza ana wafanyakazi wangapi. Hakuna, akasema. Niko peke yangu. Msichana akaonyesha kwa kidole cha heshima, yaani kwa mkono mzima, upande wa kiti.

"Uyu?" akasema mwenye duka. "Uyu njo yomba yangu. Anapumuzika tu hapa."

Mjomba! Nikaacha kufuli. Nilimwangalia Inspekteri. Sheria yote alikuwa nayo kichwani, jina, kazi, toka lini, kaa chini. Nilifikiri sasa atasema. Hapa hapakuwa na mzee wa kumtangulia, mzee alikuwa yeye! Msichana akamgeukia akamuuliza kwa adabu, "Njo vile, Papa?"

Inspekteri akasogea mbele kwenye kiti, akapiga makofi yake mawili, polepole, akasema, "Eyo, vidye."

Msichana akaandika. Alipokuwa anafunga karatasi zake aliwaambia kwamba mwezi ujao kutakuwa na mkutano wa kupima kampeni, wanataka watu wa kila upande, na wazee pia wakaribishwe. Inspekteri akamuuliza swali moja tu: nani ataanza kusema? Msichana akacheka. "Mukubwa, Papa. Mukubwa anatangulia sikuzote." Inspekteri akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri.

Nililipa kufuli langu. Alinisindikiza mpaka barazani, na pale nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, Papa, weye hauko na dada.

"Najua, mama," akasema. Aligeuka akaangalia kwa nyuma ya duka, kwenye mlango mdogo ambako niliona godoro limekunjwa na koti la kahawia limetundikwa kwenye msumari. "Lakini usiku nitalala wapi?"

Mteja mwingine alikuwa anaingia, anataka waya. Inspekteri akaniomba ruhusa, akampisha mteja apite kwanza, akamfuata ndani.